Pua ya Fundi Rajabu

Ndizi za pombe zikishaiva shimoni, zikatolewa na kukandwa kwa majani, harufu yake ni tamu kuliko ya ndizi ya kula. Nyinyi wa umri wangu mliokulia Gitega mnaijua. Inakuja na upepo wa mchana, inaingia bila kupiga hodi, hata kwenye nyumba ya Mwislamu. Juzi ilinikuta nimekaa mlangoni nachambua maharage. Jirani mpya amefungua kabare, kilabu cha pombe, ng'ambo ya barabara, na vijana walikuwa wanapita na bendera wakienda mpirani. Nikaacha kuchambua. Nikabaki hivyo hivyo, mikono ndani ya ungo, mpaka mwanangu akaniuliza, "Mama, we uko wapi?" Nikamwambia niko hapa. Wapi! Nilikuwa uwanjani, mdogo, nimevaa gauni lililoungwa kwa vipande vya vitambaa vya wateja wa baba.

Mi shule niliiacha darasa la nne, kwa hiyo msitegemee maneno ya kupangwa. Nitasema nilichokiona, na majina nitayataja, maana wenye majina hayo hawajawahi kuona haya.

Baba alikuwa fundi cherehani. Alishonea kwenye baraza la duka la Mhindi mmoja pale sokoni, na utepe wa kupimia haukumtoka shingoni, hata akija kula. Watu walimwita Fundi Rajabu. Vita vilikuwa vilimani. Sisi watoto tulivijua kwa vitu vidogo: sukari iliadimika, milango ilifungwa jua bado liko, na barabara ya kwenda Muyinga ikawa haitajwi tena bila mtu kuvuta pumzi kwanza.

Mama yangu, Mwajuma, ni mtu wa Muyinga. Mama yake alibaki huko, na kaka yake mmoja tu aliyekuwa naye duniani, Sudi. Tangu barabara zianze kumeza watu hakuwaona. Habari zao zililetwa na madereva wa malori: Sudi amepata mtoto, Sudi anauza vitenge soko la Gashoho, Sudi anakusalimia. Mama alizisikiliza akimtazama dereva mdomoni, kama vile kaka yake amejificha humo ndani.

Siku moja dereva akaja na habari kubwa. Timu ya Muyinga inakuja kucheza Gitega. Mechi ya amani, wakubwa ndivyo walivyoiita. Askari watasindikiza malori kuja na kurudi, siku hiyo hiyo, kabla ya kuvrefe, ile saa ya kila mtu kuwa ndani. "Na Sudi yumo kwenye lori la washabiki," dereva akasema. "Anasema mpira haumhusu. Anakuja kula kwa dada yake."

Mama alikaa chini pale pale uani. "Hata akikaa kidogo," akasema. "Nimwone tu anakula, basi. Sitaki kingine."

Tangu siku hiyo nyumba yetu ikawa kama imeinuliwa kidogo kutoka ardhini. Mama alichambua mchele punje kwa punje. Usiku nilisikia anaimba kwa sauti ya chini nyimbo za kwao, na mi nikalala juu ya nyimbo hizo kama juu ya godoro.

Sasa, mpira wa Gitega siku zile ulikuwa pombe kwanza, mpira baadaye. Watu walikuja na vibuyu na madumu na mirija mirefu ya kunywea, wakaketi kando ya mstari kama wako harusini. Refa akipuliza vibaya, anarushiwa kibuyu. Mara moja mshika kibendera alikimbia akajifungia jikoni kwa mapadri, mchezo ukaisha bila yeye. Na wageni wakishuka kwenye gari, washabiki wetu waliwamwagia urwarwa, hiyo pombe ya ndizi. Waliita kuwabatiza. Ulikuwa mzaha. Kila mtu anacheka, na aliyebatizwa alitakiwa acheke kuliko wote.

Kwa sababu ya vurugu hizo, konseye wa zoni yetu, yaani diwani, Zakaria, alisimama sokoni na kutoa amri. Hilo ndilo jina la kwanza. Zakaria, mtu mnene, sauti laini, miwani nyeusi. "Hii ni mechi ya amani," akasema. "Kibuyu hakiingii. Chupa haiingii. Na mtu aliyekunywa haingii, hata awe baba yangu mzazi!"

"Atajulikanaje, konseye?" mtu akauliza. "Huku wote tunanuka!"

Watu wakacheka. Zakaria akainua kidole, akakielekeza kwenye baraza, kwa baba. "Kwa pua. Fundi Rajabu hajaonja pombe tangu azaliwe. Pua yake ni mpya kabisa. Huyo atasimama mlangoni."

Hakusema kwamba kabare iliyotazamana na mlango wa uwanja ilikuwa yake. Nani asiyejua.

Baba alifurahi, tusimfiche. Mtu wa cherehani, Mwislamu, anatajwa sokoni mbele ya kila mtu! Wiki nzima hakugusa kitunguu. Jioni alitupanga sisi watoto ukutani akajifunza kwa vinywa vyetu. "Sema haa." "Haa." "Umekula karanga." Kweli nilikuwa nimeiba karanga za mama. Niliogopa. Niliamini baba yangu ananusa mambo ya moyoni, na kwamba siku ya mechi watu wabaya wote wa Gitega watajulikana.

Siku yenyewe ilikuwa ya kiangazi. Vumbi jekundu lilisimama hewani halitaki kushuka, na jua lilipita ndani yake likawa kama chai. Mama alinipaka mafuta, akaniambia, "Nenda kwa baba yako mlangoni. Mechi ikiisha mshike mjomba wako mkono, umlete hapa. Usimwachie."

Nilikaa juu ya jiwe karibu na baba. Watu walipanga mstari mrefu chini ya mikaratusi. Wengi walikuwa wametafuna majani ya miti hiyo ili kuficha kinywa, mstari wote ukanukia kama dawa ya kikohozi.

"Sema haa," baba anasema.

"Fundi, unanipima kinywa kama kiuno cha suruali!"

"Kinywa chako kimepanuka kuliko kiuno. Rudi nyuma."

"Ni dawa ya jino, Fundi, naapa!"

"Basi jino limelewa. Mwingine!"

Ee, jinsi watu walivyocheka. Baba alikuwa mrefu siku ile. Aliowarudisha walivuka barabara wakaingia kwa Zakaria. Kati yao alikuwepo Fideli, muuza mishikaki wa hapo kabareni, na rafiki yake Matiyasi, mpiga ngoma wa washabiki. Hayo ni majina ya pili na ya tatu. Baba aliwanusa, akawarudisha, nao wakaondoka wanatukana kwa kicheko.

Halafu malori ya mwisho ya Muyinga yakafika, mpira umeshaanza ndani, askari juu ya kichwa cha kila moja. Watu walibanana humo, vumbi limewapaka wote rangi moja. Wa kwanza kuruka chini alikuwa mtu mwembamba mwenye shati jeupe na kofia ya kufuma. Alikuwa na haraka. Fideli akamkimbilia na kibuyu. "Karibuni Gitega! Tubabatize!" Urwarwa ikamshukia kifuani yote.

Yule mtu akacheka. Akajipangusa kidevu. "Asanteni, nimekaribia," akasema, akavuka mpaka mlangoni na mikono wazi. "Shemeji Rajabu! Wallahi umezeeka!"

"Sudi!"

"Na huyu ndiye yeye?" Akaniinua juu. Nikaanguka na pua kwenye shati lake, na hapo ndipo ile harufu iliponiingia, tamu, yenye unyevu, imechanganyika na vumbi la njiani na sabuni. Mungu anisamehe, kwa muda mfupi ilikuwa harufu ya furaha. Niliitazama Gitega yote kutoka juu ya bega lake: mabati, moshi, kilima nyuma ya kilima, mpaka rangi yake inakuwa ya mbingu.

"Mnuse huyo!" Fideli akapiga kelele nyuma yetu. "Eh, Fundi! Sisi ulitunusa. Mnuse shemeji!"

"Au shemeji hanuki?" Matiyasi akasema. "Bisilamu banaingizana tu!"

Mstari ukaanza kunung'unika. Mjomba akaniweka chini. Baba akatabasamu kidogo, akasema, "Sema haa, shemeji, waridhike."

"Haa."

Baba alifumba macho. Nilimwona uso ukitulia, kama mtu aliyepata uzi uliokatika. Kinywa kilikuwa safi. Alijua. Lakini shati lilikuwa linadondosha, na harufu ilimfikia hata mtu wa nyuma kabisa.

Zakaria akaja na miwani yake. "Kuna nini hapa?"

"Anaingiza ndugu yake mlevi!"

"Hakunywa," baba akasema. "Wamemmwagia."

Zakaria akainama kwenye kifua cha mjomba, akavuta pumzi ndefu, akageukia watu. "Mi mwenyewe nasikia, na pua yangu si mpya!" Kicheko kikapanda mpaka kwenye mikaratusi. Kisha akasema polepole, ile sauti laini, "Fundi, amri ni amri. Ukimwingiza huyu, wale wote watavunja mlango. We ndiye unajua."

Baba aliutazama mstari. Alimtazama shemeji yake. Utepe wa shingoni akaukamata kwa mikono miwili.

"Sudi," akasema, "mpira huu una nini kwako? Nenda nyumbani. Dada yako anakungoja. Mtoto atakuonyesha njia."

"Afadhali!" mjomba akasema. "Mi nilikuja kula."

Ndivyo ilivyokuwa, kwa furaha kabisa. Na mi nikaipenda ile amri, maana imemtoa mjomba mpirani na kumpa mama mapema. Nikamshika mkono. Ulikuwa mkavu, una kovu la mkasi wa kukatia vitenge. Aliniuliza kama mama bado anafoka. Nikamwambia anafoka sana. Akasema, "Alhamdulillahi."

Njia ya kwetu ilipita mbele ya kabare ya Zakaria. Hebu fikirini jambo hili, maana mi nililifikiri nikiwa nimeshakuwa mama wa watoto. Ndani ya uwanja waliingia watu wazima wa akili, wa Gitega na wa Muyinga, wamekaa bega kwa bega. Walevi wote wa mji wamekusanywa mahali pamoja, nje, wana hasira, mpira hawauoni, wanausikia tu. Na aliyewakusanya ndiye anayewauzia. Amri ilifanya kazi yake vizuri sana.

Tulipofika usawa wa kabare, malori yamesimama kati yetu na baba, uwanjani kukalipuka sauti. Ilikuwa sauti ya watu wachache, nyembamba. Walevi wakasikiliza, wakaelewa: goli la Muyinga.

"Huyu hapa," Fideli akasema. "Si wa Muyinga huyu? Kuja! Tulikubatiza, sasa kuja unywe kweli."

"Asante, ndugu yangu, dada yangu ananingoja."

"Anakataa pombe yetu," Matiyasi akawaambia wenzake.

"Muyinga ni karibu na mpaka," mwingine akasema kutoka kivulini. "Waasi si wanapita huko huko?"

Walikuwa wameshatuzunguka. Mjomba aliuachia mkono wangu. Alichuchumaa, uso wake ukawa sawa na wangu, akasema taratibu, "Tangulia, mwanangu. Mwambie mama nimeshafika. Nenda mbio, usigeuke."

Nilikwenda mbio. Kwenye kona, nikageuka.

Walikuwa wamemwinua. Matiyasi alikuwa anapiga ngoma, Fideli ameshika mguu mmoja, wengine wameshika mguu wa pili na mgongo, na kichwani wamemfunga jani la mgomba. Wanaimba. Nilikuwa nimeona mfungaji wetu akibebwa hivyo hivyo, na jani lile lile, siku tuliposhinda. Nikajua wamegundua ni kaka wa mama yangu, na wanampa heshima. Mjomba aliniona. Akapunga mkono juu ya vichwa vyao, kwa nguvu, akiusukuma hewani: nenda, nenda. Mi nikapunga pia. Vumbi liling'aa likawafunika, na walionekana wanaelea, wanashuka pole pole nyuma ya kabare, kwenye migomba.

Nikaingia nyumbani nimeishiwa pumzi. "Mama! Mjomba wamembeba! Wanamwimbia!"

"Nani wamembeba?"

"Watu! Na ngoma!"

Mama akasimama mlangoni akapiga vigelegele. Vilikuwa virefu, majirani wakachungulia wakacheka naye. Kisha akajifunga kitenge kipya, akafunua sufuria, mvuke wa pilau ukapanda ukamficha uso. Tukangoja. Kelele za uwanja zilikuja na kuondoka kama mvua ya mlima mwingine. Mwanga ukageuka wa njano, halafu wa rangi ya shaba. Mama alifunika sufuria, akafunua, akafunika. Malori yakapiga honi za kuondoka.

Baba akaingia. "Yuko wapi Sudi? Lori limeondoka, hakuwemo. Nikasema atalala hapa."

"Walimbeba," mama akasema. "Mtoto amewaona. Wamempeleka kumshangilia."

"Nani?"

Nikamwambia. Fideli, na yule wa ngoma. Baba aligeuka akatoka mbio, lakini saa ya kuvrefe ilikuwa imefika, na askari wa kona wakamrudisha kwa kitako cha bunduki. Alisimama uani mpaka giza.

Asubuhi walimkuta kwenye migomba nyuma ya kabare. Sitasema zaidi ya hapo. Zakaria alifika na watu wake, akasimama mbali kidogo, miwani machoni. Fideli na Matiyasi walikuwepo pia, wamenyoosha nguo, wanatazama kama watu wengine.

"Pombe hii," Zakaria akasema, akitikisa kichwa. "Mgeni amelewa, ameanguka."

"Ameuawa," mama akasema. "Kaka yangu hanywi."

"Dada, pole. Lakini shati lake linanuka, kila mtu anasikia." Akamgeukia baba. "Na we Fundi si ulimrudisha mlangoni? Watu wote waliona. Ulimnusa mwenyewe, ukamrudisha. Kwa nini ulimrudisha?"

Kunguru mmoja alikuwa anatembea juu ya mabati. Baba alifungua kinywa. Askari walikuwa wanamtazama, Zakaria anamtazama, watu wa mstari wa jana wanamtazama.

"Nilimrudisha," akasema.

"Si mmesikia," Zakaria akasema. Mambo yakaisha hapo. Hakuna aliyeulizwa tena, mpaka leo.

Baba alimwosha shemeji yake kwa mikono yake, tukamzika kabla ya adhuhuri. Mama alimngojea mlangoni, akamuuliza jambo moja tu: "Ulinusa kinywa, au ulinusa nguo?" Baba alimwambia ukweli. Mama aliendelea kumpikia, kumfulia, kumwita Baba wa watoto. Lakini kucheka naye kukaisha. Wengine wanataka nimweke na yeye kwenye majina yangu. Mama alimweka. Mi namkumbuka na ule utepe mikononi, nikifika hapo nashindwa.

Wale watatu siwaonei huruma. Matiyasi alikufa kwa maradhi yake. Fideli bado anachoma nyama, na akikutana nami ananiamkia vizuri, anauliza watoto. Zakaria ni mzee, anawekewa kiti mbele kwenye kila mechi, watoto wanamletea maji. Aketi. Lakini jina lake nimelisema.

Barabara ilipofunguka, mama alinichukua kwenda Muyinga. Gari lilipita Bugendana asubuhi, ukungu umejaa mabondeni hata vilima vikawa visiwa. Bibi alikuwa amekaa kwenye mkeka, mdogo, macho yamefifia. Msiba alishapelekewa zamani na madereva. Alimshika mama kichwa kwa mikono miwili, wakalia, wakanyamaza. Kisha bibi akajikaza.

"Mwajuma, niambie kitu kimoja. Alikukuta?"

Mama alitazama mlango. "Alinikuta, mama."

"Alikula?"

"Alikula. Alikaa kwenye mkeka, hivi kama wewe. Akavua kofia. Nilimpakulia, akasema niongeze, nikaongeza. Alikula mpaka akatoka jasho. Akaniambia pilau yangu bado haijafikia yako."

Nilikuwa namsikiliza mama, na nilimwona mjomba akivua kofia. Nilimwona kabisa. Bibi alinyoosha mkono hewani akanitafuta mpaka akanipata usoni.

"Na wewe ulikuwepo? Ulimwona akila?"

Mama hakunitazama.

"Ndiyo, bibi," nikasema. "Alimaliza, akalamba vidole."

Bibi akacheka, machozi yanamshuka. "Huyo ndiye Sudi," akasema. "Nilimpiga sana kwa ajili ya hivyo vidole."